Mahari ya Jumapili

Kwa siku moja nzima, kuanzia asubuhi ya baridi pale Makambako hadi jioni kule Mawengi, nilikuwa dada wa Daktari. Undugu hatuna. Yeye ni mtu wa kanda ya ziwa, mimi ni Mbena, mshona nguo, na kilichotuunganisha ni barabara tu: cherehani yangu iko upande huu, zahanati anayoiongoza iko upande ule, na nyumba yake iko ubavuni mwa zahanati, imezungushiwa uzio wa mabanzi ambao nikisimama mlangoni kwangu nauona wote. Lakini posa haiendi bila ndugu, na ndugu zake wako mbali, kwa hiyo alituazima sisi wagonjwa wake. Mpaka leo nikiikumbuka siku ile nacheka peke yangu kwenye cherehani, na wateja wananiuliza kulikoni.

Niseme kwanza Daktari ni mtu wa namna gani. Alipoletwa kwetu alikuwa kijana mwembamba aliyefiwa na mke mapema, hana mtoto, na amekuja Makambako na mashati ya mikono mifupi. Tulimcheka sana. Wiki hiyohiyo alinunua sweta la mtumba lenye picha ya kulungu kifuani, akalivaa ndani ya koti jeupe, na hakuona haya. Halafu akaanza kujifunza salamu. Si ile ya haraka ya mjini, ile ndefu ya kwetu, kamwene na yote yanayoifuata: habari za nyumbani, za watoto, za mbuzi, za viazi, mvua imefika wapi, palizi imefika wapi. Mgonjwa anaingia anashika tumbo, Daktari anamuuliza viazi.

Mwanzoni tulidhani anatupotezea muda. Baadaye ndipo tukaelewa. Mwanamke wa kwetu ukimuuliza anaumwa nini, atakujibu kichwa tu, tena kidogo, amepita njia. Ukimuuliza palizi imefika wapi, atakwambia jembe hajalishika tangu mahindi yaote, na maji anachotewa na jirani. Hapo Daktari anaweka kalamu chini na kuanza kazi. Watu wengi wa mji huu wako hai kwa sababu waliulizwa habari za viazi, na mimi simtanii mtu ninaposema hivyo.

Basi tukampenda, na kumpenda kwetu ndiko kulikokuwa tatizo. Zahanati ina tabibu mwingine, binti mmoja mwenye elimu yake nzuri na mikono myepesi, lakini sisi tulikuwa tukimpita kwenye benchi kama hatumwoni. Tulitaka Dokta. Akiwa kanisani tunamfuata kanisani. Akiwa mezani tunagonga dirisha. Akienda kunyoa, watu wanafungua vinywa pale pale kwa kinyozi ili awaangalie koo. Hakuna aliyeona ubaya wowote, maana yeye mwenyewe hakuwahi kusema hapana.

Mwanamke aliyempenda tulimjua wote, ila hatukujua kwamba anampenda. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa hapa, amepanga chumba kwa jirani yangu mwenye duka, mama mmoja wa Kikinga kutoka Makete ambaye macho yake hayapitwi na kitu. Mwalimu alikuwa akileta watoto wa shule zahanati, mmoja na kikohozi, mwingine na harage limezama puani. Kisha mama yake akaugua, akaomba uhamisho akarudi kwao Mawengi, kule Ludewa, kumuuguza. Mama alipofariki alibaki huko na baba yake. Tangu hapo kila Daktari akichukua likizo anakwenda Ludewa, na kila akirudi amebeba kiroba cha maharage.

Mama duka ndiye aliyenijia na kiroba kimoja mkononi, kile alichogawiwa yeye. Akanimwagia kiganjani. "Wewe yaangalie haya maharage. Yana nini ambacho yetu hayana? Mtu hasafiri kwenda Ludewa kufuata maharage."

Nilimwambia aache umbea. Lakini haukupita mwezi, mchana mmoja Daktari akavuka barabara, akaja kusimama mbele ya cherehani yangu. Akaniuliza habari za nyumbani. Akauliza watoto. Akauliza mbuzi, na mbuzi sina. Alipofika kwenye viazi nikasimamisha cherehani. "Dokta," nikamwambia, "leo mgonjwa ni wewe. Sema unapoumwa."

Akacheka mpaka akakaa kwenye kigoda cha wateja. Ndipo akasema. Yeye na mwalimu wameshaelewana, posa imekwisha tajwa kwa baba yake, na jibu limekuja kwamba waje watu wazima wazungumze. Kaka yake mkubwa anaumwa miguu, hawezi safari ya kutoka ziwani hadi huku; kwa simu amebariki na kusema atafute wazazi hapo hapo anapoishi. "Wakikataa sitawalaumu," Daktari akasema. "Binti yao ana nyumba, ana kazi, ana baba wa kumtunza. Mimi nina nini cha kumwambia aje Makambako?" Alisema hivyo akiangalia barabara. Niliona tu kwamba mtu huyu anataka kitu kwa ajili yake mwenyewe, na sikumbuki kumwona akitaka kitu kabla ya hapo.

Habari ilizagaa kabla hajamaliza kuvuka barabara kurudi, na sikatai, mdomo wangu ulihusika. Likaundwa kundi la WhatsApp. Bando za watu ziliisha kwa kubishana nani atakuwa baba wa Daktari, na hoja zenyewe zilikuwa za magonjwa. Aliyelazwa alijiona ana haki kuliko aliyepewa dawa za minyoo. Aliyefanyiwa upasuaji hakutaka hata kujibizana na wenye malaria. Mwisho ubaba ulimwangukia mzee mmoja wa Mahongole, mzee wa kanisa, mkulima wa viazi, ambaye Daktari aligundua uvimbe wake tumboni, akambembeleza aende hospitali ya Ikonda, na mzee alipokataa, akapanda naye gari mpaka Makete na kukaa mlangoni hadi alipotolewa chumba cha upasuaji. Hapo ubishi ukaisha. Mama duka akawa shangazi, mimi dada, na mwenye Kosta akawa mpwa kwa kuwa alitoa gari. Viti vilivyobaki vilijazwa na waliosema hawawezi kubaki nyumbani hata iweje.

Tuliondoka asubuhi, ukungu umelala juu ya malori yaliyopanga foleni barabarani. Daktari alikuja kutuaga amevaa sweta la kulungu, ambalo kwa umri wake sasa lilikuwa limemfuta kulungu akabaki pembe. Alitaka kusema neno, mgonjwa akamwita. Akatupungia mkono akirudi nyuma nyuma.

Gari zima lilikuwa shangwe. Njombe tulisimama kununua blanketi la baba wa mwalimu na vitenge vya wamama, na mama duka akabishana na muuzaji kuhusu rangi mpaka nikaogopa kwamba tutaposa kesho yake. Tulipita kwenye mashamba ya chai na kwenye misitu ya paini, tukala vumbi kwelikweli, na tulipovuka Lusitu tukapanda barabara ya zege, matairi yakaanza kuvuma, na watu wakaimba juu ya mvumo huo. Mzee wa Mahongole tu ndiye hakuimba. Alikuwa anarudia hotuba yake chini chini, midomo inacheza. Alisema tangu aoe yeye mwenyewe hakuwahi kuogopa namna ile.

Mawengi walitungoja. Uani palikuwa pamefagiwa, maharage yameanikwa kwenye turubai, na watoto walikuwa wamepandishwa juu ya ukuta watuhesabu tukishuka. Tuliingizwa sebuleni tukabanana kwenye mabenchi. Mbele yetu alikaa baba wa mwalimu, mzee mpole ndani ya koti kubwa, na kando yake dada yake, yaani shangazi wa bibi harusi, mwanamke mzee mwenye mkongojo na sweta jekundu. Mwalimu mwenyewe hatukumwona. Nilipomtazama yule shangazi nikajua mara moja kwamba mazungumzo yetu hayako kwa baba.

Mzee wetu alianza vizuri sana. Alisimama, akavua kofia, akasema, "Wazee wenzangu, sisi tumetoka Makambako. Kule tuna mwanafunzi mmoja mkubwa. Hajui kupika, hajui kupumzika, kila siku anarudia darasa. Tumesikia hapa kuna mwalimu."

Nyumba nzima ikacheka. Hata shangazi alicheka, akijifuta macho kwa pembe ya kitenge. Baba wa mwalimu akasema, "Mwalimu tunaye. Lakini huyo mwanafunzi hatumjui vizuri. Tumemwona akija kununua maharage. Ni mtu wa namna gani?"

Swali zuri, tena tulilitegemea. Mzee angejibu tu kwamba ni mtu mwenye heshima, anamcha Mungu, hanywi kupita kiasi, halafu akae chini. Lakini mzee wa kanisa ukimpa watu waliokaa kwenye mabenchi wakimtazama, anasahau yuko wapi. Sisi Walutheri wa nyanda hizi ushuhuda ni sehemu ya damu. Mzee akageuka, akatutazama, akanyanyua mkono na kusema kwa sauti ileile ya ibada, "Nani ana ushuhuda?"

Mikono yote ikapanda.

Alianza yeye mwenyewe na Ikonda: jinsi Daktari alivyokaa mlangoni bila kula, jinsi alivyolala kwenye benchi. Akafuata mama duka, akasimulia Krismasi ambayo presha ilimpanda, Daktari akaacha wageni na kuku mezani, na aliporudi wageni wameondoka na kuku pia. Mpwa wetu mwenye Kosta alieleza alivyopata ajali, Daktari akatoka kwenye likizo yake siku ya kwanza tu, na likizo ikafia hapo. Nami sikubaki nyuma. Nilisimama nikaeleza mwanangu wa mwisho alivyoshikwa na degedege, Daktari akavuka barabara na malapa, tonge la ugali bado limo mkononi, na alipomaliza kumwokoa mwanangu akarudi akakuta mbwa wa jirani amemaliza sahani. Nilieleza kwa vitendo. Nilionyesha malapa, nikaonyesha tonge, nikaonyesha mbwa. Watu walicheka na kulia kwa pamoja, wengine wakaanza kuitikia amina, na mtu mmoja nyuma akaanzisha pambio. Tulikuwa tumewaka. Nilikaa chini nikijua kabisa kwamba tumeshinda.

Shangazi alingoja pambio liishe. Akagonga mkongojo sakafuni, mara moja, polepole.

"Nimesikia," akasema. "Ni mtu mwema, hilo hakuna wa kulibisha. Sasa mimi nauliza. Huyu mtu analala saa ngapi?"

Akatupitishia macho, benchi kwa benchi.

"Anakula na nani? Maana wote mliosimama hapa mmemtoa mezani. Kuku wamekula wageni, ugali amekula mbwa, likizo mmeichukua. Binti yetu tunamwoza kwa mtu, au tunamwoza kwa mji?"

Nimeshona nguo miaka mingi, najua jinsi inavyokuwa unapokata kitambaa cha mteja na kugundua umekata upande usiopaswa. Unaona kabisa, na mkasi uko mkononi mwako. Ndivyo nilivyojisikia. Kila neno zuri tulilolisema lilikuwa limegeuka kuwa sababu ya kutunyima. Mzee wa Mahongole alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Tukaambiwa tutoke nje kidogo, wenyeji washauriane.

Nje tuligombana kwa kunong'ona kando ya turubai la maharage. Mama duka alimlaumu mzee kwa kuleta ibada. Mzee akanilaumu mimi kwa yule mbwa. Nikamwambia mbwa ni wa kweli, yeye kwa nini alitaja benchi. Simu yangu ikatetemeka, Daktari anauliza, "Vipi?" Nikamwandikia tunaendelea vizuri, na nilipobonyeza kutuma nilitamani kulia. Niliwaza nyumba yake. Niliwaza tunarudi Makambako Kosta imenyamaza, yeye amesimama barabarani anatusoma nyuso kabla hatujashuka.

Tulipoitwa ndani, mzee wetu hakuwa na hotuba tena. Kwa hiyo nilisimama mimi, bila kuruhusiwa, na mama duka alinivuta sketi nikae nikakataa.

"Shangazi," nikasema, "umesema kweli. Mimi naishi mbele yake, acha niseme na lile ambalo hatukulisema. Nyumba yake ina kikombe kimoja. Akinywa chai anakiosha, anakigeuza, basi. Redio anaiacha inazungumza hata akiwa hayupo, nilimuuliza kwa nini, akasema anapenda akifungua mlango akute sauti. Sisi tumekuwa tukimgongea dirisha kwa sababu tulijua hakuna tunayemsumbua ndani zaidi yake. Hatukuja kuomba mtu wa kutupikia Daktari ili tuendelee kumtumia. Tumekuja kwa sababu anampenda binti yenu, na mimi nimemwona akisema hivyo, na nimeumia." Nikakaa.

Shangazi akamwambia mtoto akamwite mwalimu.

Aliingia mwalimu amefunga kitenge, mtulivu, mwembamba vilevile kama alipotuacha. Alipiga magoti akatusalimu, na kwa jinsi alivyozuia kucheka alipofika kwangu nikajua alikuwa nyuma ya mlango muda wote, na alimsikia mbwa. Shangazi akamuuliza mbele yetu: unamtaka mtu huyu, na unataka nini ili ukaishi naye vizuri?

"Namtaka," mwalimu akasema. "Na nataka Jumapili."

Baba yake akauliza Jumapili ya nini.

"Siku moja kwa wiki awe mtu wa nyumbani. Ila si yeye wa kuahidi, baba. Yeye ameshaniahidi mara nyingi na najua hawezi, mtu akikohoa barabarani anasimama. Waahidi wao."

Akatunyooshea mkono sisi, benchi zima, kwa adabu kamili, kama anavyowanyooshea wanafunzi wa nyuma. Shangazi alipiga mkongojo chini kwa furaha. Akasema mambo mengine ya mahari yatakwenda kwa desturi na wanaume watayamaliza, lakini mahari ya kwanza ni hiyo: Jumapili, nzima, na watakaoilipa ni watu wa Makambako. Akamgeukia mzee wetu. "Wewe si ndiye unayejua kunyanyulisha watu mikono? Haya."

Mzee wa Mahongole akasimama. Hakutumia sauti ya ibada safari hii. Akauliza kwa upole nani ataahidi, akanyanyua mkono wake kwanza, na wote tukanyanyua, tukasema tunaahidi, kwa niaba yetu na ya mji mzima ambao haukuwepo. Wanawake wa Mawengi wakapiga vigelegele hadi watoto wakaanguka ukutani. Nilimpigia Daktari nikaweka sauti kubwa wote wasikie. Nilimwambia amepata mke na amepoteza Jumapili. Daktari akauliza, "Na mgonjwa akija?"

Kabla sijajibu shangazi akainamia simu. "Kwani hapo uko peke yako? Hakuna tabibu mwingine?"

"Yupo, mama. Tena mzuri."

"Basi wampe nafasi naye atibu."

Tulisikia Daktari akicheka, na katikati ya kucheka akasema ahsanteni, ahsanteni ndugu zangu, akakata. Vyakula vikaja, na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ukaja kwenye ndoo. Mzee wa kanisa alikunywa soda, lakini alicheza kuliko walevi.

Harusi sitaisimulia, maana nitakesha. Nataka niseme Jumapili ya kwanza baada yake.

Tulipeana zamu ya kulinda, na zamu ya kwanza niliichukua mimi kwa sababu mlango wangu unatazama pale. Baada ya ibada nikaweka kigoda nje nikakaa kama askari. Wakaanza. Alikuja mmoja na jogoo, anataka kumsalimu bwana harusi tu, na alipokuwa anasema hivyo anajikuna upele. Nikamwelekeza zahanati. Akaja mwingine anayesema amepita njia, na njia hiyo haiendi popote. Nikamwelekeza zahanati. Binti tabibu alichungulia mlangoni akashangaa benchi lake limejaa, akanipungia mkono.

Kisha bodaboda ikasimama mbele yangu, akashuka mzee wa Mahongole, na nilipomwona tu nikainuka. Alikuwa ametoka kanisani, suti yake nyeusi, lakini uso ulikuwa wa majivu na jasho linamtoka kwenye baridi ile. Alishika nguzo ya kibaraza. Nikatoa simu, namba ya Daktari iko juu kabisa, kidole changu kimekwisha fika. Mzee akanishika mkono.

"Mkono wangu niliunyanyua kule Mawengi," akasema. "Wa kwanza ni mimi."

"Baba, wewe ni mgonjwa."

"Ndiyo. Nipeleke kwa binti."

Nikamkokota kuvuka barabara, na ninakiri kwamba njiani nilimlaani yule shangazi na mkongojo wake. Binti tabibu alimpokea, akamlaza, akamfunga kipimo cha presha mkononi. Na huku anapampu, akamuuliza, "Baba, habari za nyumbani? Viazi vimefika wapi?"

Nilimtazama. Mzee pia alimtazama. Akajibu kwamba viazi wamechimba, wiki nzima alikuwa shambani Mahongole na wachimbaji, kulala huko huko kwenye kibanda, chakula cha kuokoteza. "Na dawa zako za presha zilikuwa wapi?" Mzee akafunga macho. Zilikuwa nyumbani, kwenye kabati. Binti akatikisa kichwa, akaniomba nisubiri nje, akaanza kazi yake bila haraka, na mpaka nilipoitwa tena ndani rangi ya mzee ilikuwa imerudi na alikuwa anaanza kujisifu. Alisema katika magonjwa yake yote hili ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu ameumwa siku ya Jumapili na hakumwita Dokta. Mwaka huu mzima kanisani hatutapumzika na ushuhuda huo.

Nilitoka nje nikiwa mwepesi. Barabara ilikuwa tulivu namna isiyo ya kawaida. Wapita njia wakifika mbele ya uzio wa mabanzi walikuwa wanapunguza sauti, na mwenye Kosta alikuwa amezima redio ya gari lake bila mtu kumwambia. Nikasogea kwenye uzio, kwenye upenyo kati ya mabanzi mawili, nikachungulia.

Daktari alikuwa kwenye kiti cha mbao, kwenye kijua, miguu ameinyoosha, sweta la pembe limempanda tumboni, kichwa kimeanguka begani, mdomo wazi. Amelala. Pembeni yake mwalimu alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi, na kwenye meza ndogo katikati yao palikuwa na vikombe viwili. Mwalimu aliinua macho akaniona kwenye upenyo. Akaweka kidole midomoni.

Nikarudi kwenye kigoda changu kwa ncha za vidole, nikapiga simu Mawengi. Shangazi alipokea akiuliza kwa ukali nani huyo.

"Shangazi, ni mimi, dada wa Daktari," nikanong'ona. "Uliuliza analala saa ngapi."

"Ndiyo, niliuliza."

"Saa nane mchana."

Nikamsikia akikaa chini, kiti kikilia. Halafu naye akashusha sauti, kama yuko hapa hapa barabarani na sisi.

"Anakoroma?"

"Anakoroma, shangazi."

"Haya," akasema. "Usimwamshe."